Maji ya Baridi Kwenye Chungu

Kilabu ninachokizungumzia hakina kibao. Ukitoka barabara ya lami, ukapita mashine ya kusaga, ukakata kushoto kwenye ukuta wa matofali ya kuchoma ambao mwenyewe alishindwa kuumalizia, utasikia watu wanacheka kabla hujaona mlango. Ni chumba kimoja tu nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane. Sakafu ni ya udongo, kuna mabenchi matatu na kigoda kimoja, jiko la kuni kwenye kona, na juu ya jiko birika kubwa lililopigwa moshi mpaka haijulikani liliwahi kuwa na rangi gani. Mlango unafunguliwa saa tisa alasiri. Saa mbili usiku mama mwenye kilabu anaanza kufagia miguuni pa watu, na hapo hata mwenye kichwa kigumu anajua kwamba siku imeisha.

Nilikaa miaka kumi na moja hatua chache kutoka pale bila kukanyaga ndani, na nilijivunia hilo. Mimi ni muuguzi, na wakati huo nilikuwa pia katibu wa jumuiya yetu ya mtaani, ile ya kusali nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nilikuwa na sababu mbili za kukichukia kilabu kile, na nilizitumia zote. Kwenye jumuiya nilikisema. Kazini nilikisema. Nikipita jioni na kikapu changu, watu wa mle ndani wakanisalimia kupitia dirishani, niliitikia kwa mkato na macho yangu yakabaki mbele. Sikuwa na adabu, naliona hilo sasa. Wakati ule niliamini nina msimamo.

Kinachonywewa pale ni kimpumu, pombe ya ulezi. Ulezi uliochachuka unawekwa kwenye chungu, unamwagiwa maji ya moto, na watu wanakizunguka chungu hicho, kila mmoja na mrija wake, wananyonya taratibu. Maji yakipungua yanaongezwa mengine ya moto, tena na tena, mpaka ulezi uishiwe nguvu. Ni kinywaji cha watu wasio na haraka, kwa sababu ukikifanyia haraka kinakuunguza ulimi. Na huku kwetu Sumbawanga, kwa baridi la mwezi wa sita na wa saba, upepo ukishuka kutoka milimani huku watu wanatembea wamejikunyata ndani ya makoti ya mtumba, chungu cha moto ni kitu cha kukimbilia. Hayo yote niliyajua kwa kuyasikia tu.

Kilichonifikisha pale ni baba.

Mama yangu alifariki wakati wa masika, na baba akabaki peke yake kwenye nyumba yetu ya Mollo, na mashamba yake ya mahindi na ulezi, na kuku wasiojulikana idadi. Alikuwa amevuka miaka sabini na mitano. Kaka yangu yuko Kirando, anafanya biashara ya dagaa, akanipigia simu akasema yeye yuko tayari kumchukua. Baba alisema joto la ziwani litammaliza kabla ya jua kuzama. Basi nikamchukua mimi. Mollo si mbali na mjini, lakini nilikuwa naamka usiku nikiwaza kwamba ameanguka uani na hakuna wa kumwinua. Nilikwenda na gari la kukodi, nikapakia kitanda chake na redio yake, nikafunga mlango wa nyumba kwa kufuli. Baba alisimama ananitazama nafunga.

Nilimpa chumba kizuri. Nilimnunulia blanketi zito na kandambili mpya. Mume wangu anafanya kazi Mpanda, huja mara moja kwa mwezi, na watoto wangu wote wawili walikuwa shule za bweni, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya na safi, na mimi niliona huo ni mtaji. Nikienda kazini asubuhi namwacha kwenye kochi, uso umeelekea televisheni. Nikirudi namkuta kwenye kochi lile lile, televisheni imezimwa, yeye anatazama geti.

Kila jioni aliniambia maneno yale yale. "Mwanangu, nipeleke nyumbani."

"Baba, nyumbani ni hapa sasa."

"Sawa. Lakini nipeleke nyumbani."

Hakugomba. Angegomba ningejua la kufanya, maana kugomba nakuweza. Alikuwa anaacha chakula tu. Kwanza aliacha nyama, akasema meno. Kisha akaacha ugali nusu, kisha robo tatu. Nilimpima uzito kila Jumapili kwa mizani niliyoazima kazini, na kila Jumapili mshale ulirudi nyuma. Nilimpeleka akapimwa damu, mkojo, kifua, kila kitu. Hakuwa na ugonjwa. Daktari, kijana mpole, alivua miwani akaniambia wazee wengine wakifiwa na wenzao huamua. Hakusema wanaamua nini. Nilikaa kazini nimeshika kile cheti cha majibu safi, nikaogopa kuliko ambavyo ningeogopa kuona ugonjwa. Nikimrudisha Mollo atakufa peke yake. Nikimweka kwangu anakufa mbele yangu, polepole, juu ya kochi nililolinunua kwa mkopo.

Hali ndiyo ilikuwa hiyo siku niliporudi saa kumi jioni nikakuta kochi tupu.

Niliita chumbani, chooni, uani. Geti lilikuwa wazi. Fimbo yake haikuwepo. Nilitoka nikiwa bado na sare ya kazi, nikamuuliza mwenye genge la mboga, akanyoosha kidole, na macho yake yalikuwa yanacheka. Nilifuata kidole kile, nikapita mashine ya kusaga, nikafika kwenye ule ukuta ambao haukumalizika, na hapo nikasikia sauti ya baba.

Alikuwa anasimulia. Alikuwa anawaeleza watu jinsi ya kulima matuta yetu ya kale, yale ya mviringo, unavyokusanya majani mabichi na kuyafunika kwa udongo yaoze ndani mpaka msimu wa pili. Alikuwa anawaambia kwamba vijana wa leo wanalima kama wanaofukuzwa na polisi. Watu wakacheka, na yeye akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko cha baba tangu tulipomzika mama.

Mtu mwenye akili timamu angesimama pale nje akamshukuru Mungu. Mimi niliingia nimewaka. Sijui nilikuwa na hasira na nani hasa. Nadhani iliniuma kwamba alikuwa na kicheko muda wote huo na hakukileta kwangu.

Walikuwa wanne kwenye chungu. Baba amekalia kigoda, koti lake zito limefungwa vifungo vyote. Kulia kwake mzee mmoja fundi baiskeli, ambaye kibanda chake kiko karibu na stendi, vidole vyake vyeusi kwa grisi. Kushoto mwanamke mmoja anayeleta dagaa wakavu kutoka Kirando, mnene, ana kitenge kichwani na kingine mabegani kwa ajili ya baridi. Wa nne ni mama mwenye kilabu mwenyewe, ameinama na birika lake anaongeza maji.

"Karibu mama nesi," alisema, bila mshangao, utadhani nilikuwa nafika kila siku.

"Sijaja kukaa. Baba, simama tuondoke."

Baba alitoa mrija mdomoni. "Shida nini, mwanangu? Maji ndiyo kwanza yameongezwa."

Hilo la maji yaliyoongezwa ndilo lililonimaliza. Niliona hataondoka mpaka chungu kiishe, na chungu hakiishi, maana kinaongezwa. Pembeni ya mlango palikuwa na ndoo ya maji ya kisima, na kata juu yake. Nilichota kata nzima. Hesabu yangu ilikuwa ya kinesi kabisa: kinywaji kikipoa hakinyweki, kisiponyweka watu hutawanyika. Nikamimina maji ya baridi kwenye chungu, yote, mpaka mapovu yakatulia.

Hakuna aliyenizuia. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mwanamke wa dagaa alishika mdomo. Fundi baiskeli alivua kofia yake ya sufu. Mama mwenye kilabu aliweka birika chini, akatazama sakafu.

"Nini?" niliuliza. Nilijua nimefanya jambo, ila sikujua lipi.

"Mama nesi," fundi baiskeli alisema taratibu, "umefanya nini sasa?"

Mama mwenye kilabu ndiye aliyenieleza, na alinieleza kwa upole ambao sikuustahili. Watu wanaokaa chungu kimoja, alisema, wanaongezewa maji ya moto siku zote wakiwa hai. Mmoja wao akifariki, siku wanayorudi kutoka msibani wanaweka chungu, wanatumbukiza mrija wake pamoja na mirija yao, halafu mtoto wa marehemu au ndugu yake anamimina maji ya baridi. Kila mtu ananyonya mara moja. Kisha chungu kinamwagwa nje. Maana yake mwenzao amezimika, na hawatamngoja tena. Maji ya baridi hayaingii kwenye chungu kile kwa sababu nyingine yoyote, na anayeyamimina ni mtoto.

"Na wewe ni mtoto," alisema, "na baba yako amekaa hapo."

Sijui kama ni desturi ya Ufipa yote. Mimi nilipelekwa shule ya masista nikiwa na miaka kumi na miwili, nikarudi nyumbani likizo tu, na mambo ya vilabuni hayafundishwi kwa masista. Lakini baba aliijua. Niliona usoni mwake kwamba aliijua kabla sijamaliza kumimina. Nikakaa kwenye benchi, na wanawake wa jumuiya wangenishangaa kuniona mle.

Baba alirudisha mrija mdomoni, akanyonya mara moja. Kisha akasema, "Kumbe nimeshakufa, na hata ubwabwa wa msiba sijaonja."

Mwanamke wa dagaa alijaribu kujizuia akashindwa. Fundi akacheka mpaka akakohoa. Mama mwenye kilabu alifuta machozi kwa ncha ya khanga, na sikuweza kujua ni ya kicheko au ya kitu kingine. Mimi peke yangu sikucheka. Mwanamume aliyekuwa anatania kuhusu kufa kwake ndiye niliyekuwa nampima uzito kila Jumapili.

Tulirudi nyumbani. Getini alisimama akashika mkono wangu. "Hukujua," alisema. "Lakini itabidi urekebishe."

Kurekebisha kulikuwa hivi. Jumamosi iliyofuata ilinibidi nipeleke kuni zangu na ulezi wangu, nimsalimie kila mtu wa chungu kile kwa jina la heshima, nichemshe maji kwa mkono wangu, niyamimine ya moto, na niwe wa kwanza kunyonya ili waone chungu ni kizima. Mimi, katibu wa jumuiya, niliyekuwa nimesimama kwenye sebule za watu nikivikemea vilabu. Nilifikiria kukataa. Nilifikiria kumpa mama wa watu kuni na ulezi kupitia mtu mwingine, nikae zangu pembeni. Lakini Jumapili ya katikati baba alipanda mizani bila kuambiwa, na mshale haukurudi nyuma. Nikamwambia mizani imeharibika. Akasema, "Labda."

Jumamosi nilibeba kuni kichwani mchana kweupe. Mtaa mzima ulitoka. Kuna mama mmoja wa jumuiya yetu, mwimbaji, alisimama mlangoni kwake na ufagio mkononi akanifuata kwa macho mpaka nilipokata kushoto. Niliamua kumsalimia kwa sauti kubwa. Kama ni aibu, basi ifike yote kwa mara moja.

"Shikamoo mzee," nilimwambia fundi baiskeli.

"Marahaba, binti yangu. Leo umekuja na maji gani?"

Walinitania hivyo mchana wote. Mwanamke wa dagaa alisema nikimtembelea mtu hospitalini watu waanze kuchimba. Mama mwenye kilabu alinionyesha jinsi ya kumimina pembeni, maji yazunguke ukingo na yasiupige ulezi katikati. Nilimimina. Nikapewa mrija wa tete, mpya, uliochongwa ncha na kuwekewa kichujio kidogo cha nyuzi. Nikanyonya. Ilikuwa na uchachu, na joto, na ladha ya mbali ya uji wa ulezi uliolala, ule aliotuamsha nao mama alfajiri za kwenda shule. Sikutarajia kumkuta mama kwenye chungu cha kilabu. Nililia pale pale, na hawakunibembeleza wala kunikodolea macho; fundi aliendelea kusimulia habari ya baiskeli iliyoletwa kwake na mtu wa Mtowisa, imebeba magunia ya mpunga mpaka fremu ikapinda, na mwenyewe anadai imeharibika yenyewe tu. Waliniacha nilie mpaka nikamaliza.

Tangu siku hiyo baba alikuwa na mahali pa kwenda. Saa tisa kamili anavaa koti, anachukua fimbo, anafunga geti mwenyewe. Nikitoka kazini nampitia, na badala ya kumwita nje nilianza kuingia, nikakaa dakika kumi, kisha dakika kumi zikawa saa nzima. Mimi si mnywaji hata leo. Nanyonya mara tatu nne, naishika mirija ya watu wakienda kujisaidia, nasikiliza.

Nimejaribu kuwaeleza wenzangu kazini kilabu kile kina nini, na sijafaulu. Hakina muziki. Hakina televisheni, na simu ikiita mwenyewe anatoka nje nayo. Watu wanazungumza Kiswahili, wakikolea wanahamia Kifipa, na anayetoka ziwani anatafsiriwa bila kuomba. Ukisema jambo la uongo unaachwa umalize kwanza, ndipo unashambuliwa. Ukinyamaza hawakuulizi kwa nini. Nadhani hilo la mwisho ndilo lililomponya baba. Kwangu alipokuwa kimya nilimuuliza kila baada ya dakika tano: unaumwa wapi, unataka nini, nikuletee nini. Pale kwenye chungu alikaa siku nyingine tangu saa tisa hadi saa kumi na moja hajasema neno, na birika lilimzunguka kama wenzake, na mtu akimpa hindi la kuchoma anampa bila maelezo. Naye anakula. Mzee aliyekataa nyama yangu kwa kisingizio cha meno alikuwa anatafuna mahindi makavu ya kuchoma.

Kuna wivu nilikuwa nao, siwezi kuficha. Nilimwambia siku moja tukiwa njiani, kwa utani lakini si utani, kwamba mimi nampikia na wale ndio wanaomshibisha. "Wewe unaniangalia nisife," alisema. "Wale hawana habari." Nilinuna mpaka tukafika. Kesho yake nilirudisha mizani kazini.

Na jioni moja mwezi wa tisa, vumbi limejaa mjini na jua linazama jekundu, mama mwenye kilabu alipoanza kufagia, baba alichomoa mrija wake, akaufuta, akautundika kwenye msumari wake ukutani. Kisha akanigeukia akasema, "Mwanangu, twende nyumbani." Nilijiandaa kwa maneno ya Mollo. Nilifungua mdomo nianze kumweleza habari za kufuli na kuku. Lakini yeye alikuwa ameshatoka, na alikuwa anaelekea getini kwangu.

Kwenye jumuiya niliitwa nijieleze, na nilijieleza. Nilisema baba yangu alikuwa anakufa na sasa anakula. Mama mwimbaji aliuliza kama ni lazima iwe kilabuni. Nilimjibu vibaya, nikamwomba radhi wiki iliyofuata, na ukatibu nikauacha mwenyewe kabla hawajapata tabu ya kuniambia. Mwaka uliofuata mama huyo huyo alifiwa na mumewe. Nilimwona alasiri moja amesimama pale kwenye ukuta ambao haujamalizika, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilitoka nikamshika mkono nikamwingiza ndani. Huwa anakunywa chai, mama mwenye kilabu anamchemshia kwenye birika lile lile.

Ile kata ya maji ya baridi haikusahaulika. Baba hakuiacha. Mtu akipinga hoja yake alisema, "Msibishane na marehemu." Siku ya kuzaliwa kwake, ambayo hatuijui lakini tuliikadiria, alihesabu umri wake upya kuanzia ile Jumamosi ya kuni. Watu walivunjika mbavu. Mimi nilicheka nao, na kila mara kitu kilinichoma chini ya kicheko. Nilikuwa nimeimwagia roho ya baba yangu maji ya baridi mbele ya macho yake. Hata kama sikujua. Wauguzi hatupendi sana neno sikujua, maana tunaona linachofanya. Nikawa najiambia kwamba ikifika siku yenyewe, nitakayopewa kata kwa haki, mkono wangu hautainuka.

Alikaa kwangu miaka miwili na miezi kadhaa. Aliumwa wiki moja tu, mapafu, wakati wa mvua kubwa, njia zote za mtaani zimekuwa tope. Kaka alifika kutoka Kirando amelowa mpaka kiunoni. Mwanamke wa dagaa alikuja, fundi alikuja ameosha mikono mpaka imekaribia kuwa myeupe, mama mwenye kilabu alileta uji. Waliingia mmoja mmoja chumbani, na kila aliyeingia nilisikia baba akimwambia jambo kwa sauti ya chini, na kila mmoja akiitikia, "Sawa mzee." Sikuuliza. Nilikuwa nimejifunza kutouliza. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa nimemshika kifundo cha mkono kama ninavyowashika wagonjwa, na mapigo yakaniacha taratibu. Tulimzika Mollo, pembeni ya mama, na mimi ndiye niliyefungua lile kufuli.

Siku ya tatu baada ya kuzika nilirudi mjini, na alasiri nikaenda kilabuni kwa miguu yangu, maana ndivyo inavyotakiwa. Mvua ilikuwa imekata. Chungu kilikuwa katikati, ulezi ndani, mirija minne imesimama, na wa baba ulikuwa mmojawapo. Niliujua kwa uzi wa bluu aliouzungusha juu. Kigoda kilikuwa tupu. Mama mwimbaji alikuwa kwenye benchi la nyuma, analia kwa niaba yetu wote. Ndoo ilikuwa pale pale pembeni ya mlango, na kata juu yake.

Nilichota. Nilifanya haraka makusudi, kama mtu anayechoma sindano, ili mkono usipate muda wa kukataa. Nilikuwa nimeshainamisha kata juu ya chungu fundi baiskeli aliponishika kiwiko.

"Weka chini, mwanangu."

"Ni zamu yangu. Mimi ndiye mtoto."

"Najua. Lakini ya kwake yalishamwagwa." Alivua kofia yake, kama siku ile. "Alituapisha mmoja mmoja, pale kitandani. Alisema, 'Mwanangu asiguse tena maji ya baridi kwa ajili yangu. Alishanimwagia, nikayanywa, na yalinipa miaka miwili. Mwambieni hana deni.'"

Nilisimama na kata imejaa, maji yanachuruzika kwenye mkono wa koti langu. Mwanamke wa dagaa alinipokonya taratibu akayarudisha kwenye ndoo. Mama mwenye kilabu akaliinua birika kutoka jikoni, akanipa. Lilikuwa zito kuliko nilivyolizoea. Nikakaa kwenye kigoda, nikamimina maji ya moto pembeni, yakazunguka ukingo kama nilivyofundishwa, mpaka mvuke ukatufunika nyuso wote.